Wifi amelisoma daftari langu la watu

BARUA

Shikamoo Mama,

Nina miaka 29, naishi Tanga, na nimeolewa mwaka jana. Nafanya kazi maabara ya maji. Nazunguka mitaani kuchukua sampuli, narudi kupima klorini iliyobaki, tope na vijidudu, naandika, na nikitilia shaka narudia. Naipenda kazi hii kwa sababu maji hayasemi hili yakimaanisha lile. Klorini ikishuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita bombani, najua la kufanya na najua wa kumpigia simu.

Kwa watu sina kipimo kama hicho. Tangu utotoni naambiwa nina kiburi, salamu yangu kavu, utani siujui. Miaka michache nyuma mtoto wa dada yangu alipimwa Dar es Salaam, ikaonekana ana usonji (autism), ile hali ya kuzaliwa nayo ya kuwasiliana na kuwaelewa watu kwa namna tofauti. Nikayasoma makaratasi aliyopewa dada, na kila nikigeuza ukurasa najiona mimi. Nikaenda mwenyewe kwa daktari wa afya ya akili. Alinihoji kwa muda mrefu, akazungumza na mama yangu kuhusu utoto wangu, akathibitisha. Mume wangu nilimwambia kabla ya posa. Akacheka, akasema afadhali, nyumbani kutakuwa na mtu mmoja asiyemzunguka. Kwao hatukumwambia mtu.

Sasa daftari. Tangu sekondari nawaandika watu kwa mtindo niliofundishwa kuandika majaribio: nilichokiona, nadharia tete yangu (yaani kisio la kujaribiwa), nilivyojaribu, matokeo. Nilipoolewa nikaanza daftari jipya la ukweni, maana kule kanuni ni nyingi kuliko kazini na hakuna aliyenipa mwongozo. Nikupe mifano (Mama humo ni mama mkwe):

"Mama akisema 'haya, sawa' mara moja, amekubali. Akisema mara mbili huku anaangalia pembeni, amekataa. Uhakika: asilimia 80."

"Wifi mkubwa akiuliza 'utakuja kwenye shughuli?' hataki ndiyo wala hapana. Anataka kujua utafika saa ngapi na utashika kazi gani."

"Karibu chakula: ya kwanza ni adabu. Ya pili ni adabu. Ya tatu, na mkeka ukisogezwa, kaa ule."

"Salamu ya asubuhi kwa Mama: habari nne angalau kabla ya kuomba kitu. Nilijaribu mbili, akanuna mpaka adhuhuri."

Daftari hili lilinisaidia kweli. Shughuli ya kwanza ukweni nilijifungia chooni nikalia. Ya majuzi nilikaa ukumbini na wanawake kutwa nzima, vyungu vinagongana, watu kumi wanaongea kwa pamoja, na sikutoroka.

Karibu na Idi, wifi yangu mdogo alikuja kulala kwetu. Akiwa anatafuta kanga ya kujifunga alifungua kabati, akaliona, akalisoma. Akapiga picha kurasa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mama akasomewa. Akasema, "Nilidhani nimemwoza mwanangu mke, kumbe nimeletewa mpelelezi." Tangu siku hiyo nikimwamkia ananipa marahaba moja, basi. Wifi naye anasema nimewafanya panya wa maabara, na kwamba anayempenda mtu hahitaji kumwandika ili amwelewe.

Mume wangu amenitetea mbele yao. Lakini usiku ule aliniuliza kama na yeye ana ukurasa wake. Anao.

Naomba unijibu matatu. Kutumia sayansi kuwaelewa watu ni kuwadharau? Nilichome daftari? Na Mama tumwambie kuhusu usonji au tunyamaze, maana kule usonji wanaujua kwa watoto wasiosema tu? Tafadhali usinizungushe. Mafumbo hunipita.

Mpima Maji, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nisikuzungushe basi. Hapana, si dharau. Usilichome. Na Mama aambiwe, ila wa kuanza kusema si wewe.

Kabla sijaeleza, kuna jambo barua yako imelipita juu juu. Kusoma daftari la mtu lililo kabatini na kulirusha kwa ukoo mzima ni kosa. Umeandika mengi yanayokulemea wewe, na wifi hukumwandikia hata sentensi moja ya lawama. Nitamrudia.

Wifi anasema anayependa haandiki. Mimi ningemwuliza daftari la michango ya harusi za kwao liko wapi. Maana lipo. Nyumba iliyowahi kuoza au kuzika haikosi daftari, au siku hizi faili kwenye simu: fulani kaleta elfu thelathini, fulani kilo kumi za mchele, fulani kaja kukuna nazi toka alfajiri, fulani katuma salamu tu. Likimfika fulani jambo, daftari linafunguliwa kwanza, ndipo mkono unaingia mfukoni. Marcel Mauss, Mfaransa aliyechunguza mila za jamii, aliandika mwaka 1925 kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mama mkwe wako ana elimu hiyo bila Mauss, na ameiweka kwa kalamu na tarehe. Hakuna anayemwita mpelelezi.

Kwa hiyo kuwaandika watu hakukuanza na wewe, na hakupunguzi mapenzi. Tofauti iko kwingine. Daftari la michango kila mtu anajua lipo, anajua linaandikwa nini na kwa ajili gani, na akikuta kaandikiwa elfu ishirini badala ya thelathini atasema, na litasahihishwa. Lako liliwahusu wao, na wao ndio pekee wasiojua kama lipo. Hapo ndipo Mama alipoumia, na ameumia kwa haki. Hakuumia kwa sababu ulitumia sayansi. Umeacha sehemu ya sayansi ambayo mtu yeyote anayechunguza binadamu hudaiwa kwanza kabisa, yaani idhini ya anayechunguzwa. Maji hayadai idhini, ndiyo maana kazini hujawahi kuikosa.

Sasa tuzungumze kurasa zenyewe, maana naona hakuna aliyezisoma kama zinavyostahili. Ni nzuri. Mengine umeyagundua peke yako wakati watu wamepata umaarufu wa kitaaluma kwa kuyagundua. Ukurasa wa salamu: Bronisław Malinowski, mtafiti wa mila za watu aliyeishi visiwa vya Trobriand, Papua Guinea Mpya, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, aliandika mwaka 1923 kwamba maneno mengi watu wanayopeana hayabebi habari yoyote. Kazi yake ni kuwafunga pamoja, ili ukimya usigeuke tishio. Angekaa Tanga asubuhi moja angemaliza utafiti mapema. Sikiliza watu wetu wanavyosalimiana: habari za nyumbani, nzuri, za watoto, nzuri, ila huyu mdogo ana homa tangu juzi. Ile "nzuri" inatangulia hata kama mtoto yuko hospitali. Kwa masikio yako huo ni uongo unaofuatwa na ukweli. Kwa Mama, "nzuri" inasema tu kwamba mimi na wewe tuko salama, na baada ya hapo ndipo habari zenyewe zinaruhusiwa kuingia. Habari zako nne ni idadi sahihi kabisa kwa jambo ambalo hukuandika sababu yake.

Na hilo ndilo pungufu la kwanza la daftari lako: limejaa dalili, halina sababu. Chukua "haya, sawa" mbili. Wataalamu wa lugha Penelope Brown na Stephen Levinson walieleza mwaka 1978 kwamba kila mtu hulinda vitu viwili mbele za watu: kukubalika, na kutoshurutishwa. Kumwambia mtu hapana waziwazi kunamgusa pabaya, kwa hiyo kila lugha ina njia zake za kulipunguza makali. Mama akimkatalia mke wa mwanawe waziwazi, tena mbele ya mawifi, amekuvua nguo na amejivunjia heshima mwenyewe. Anakupa hapana iliyofunikwa ili uondoke nayo bila kuaibika. Wewe umeiandika kama kipimo, na yeye alikuwa anakustiri. Ungeijua sababu, usingehitaji kuhesabu. Ungelitambua jambo lile lile siku atakaposema "tutaona," au "Inshallah" ya kuvuta, au atakapouliza kama mvua itanyesha.

Pungufu la pili ni hiyo asilimia 80. Umeitoa wapi? Kazini hukiamini kifaa mpaka umekijaribu kwa maji ambayo kipimo chake unakijua tayari, ndipo unakipeleka mtaani. Kwa Mama hukuwa na kitu unachokijua tayari. Ulikisia kuwa amekataa, ukaacha kufanya ulichomwomba, yeye hakusema kitu, ukaandika kwamba ulikisia sawa. Huenda mara nyingine alikuwa amekubali kweli, ameangalia pembeni kwa sababu kuku walikuwa wanaingia jikoni. Mtu wa kukwambia ni mmoja tu, na hukumwuliza.

Nakuelewa kwa nini hukumwuliza. Umekua ukiambiwa kwamba kutoelewa ni kosa lako, na anayeuliza anajifichua. Lakini hapa sayansi yenyewe iko upande wako, na inafaa uijue kwa sababu wifi amelirudia, bila kujua, jambo la zamani kidogo. Mwaka 1985 watafiti watatu London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, walicheza mchezo wa wanasesere mbele ya watoto. Sally anaweka gololi kikapuni, anatoka. Anne anaihamishia sandukuni. Sally akirudi ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha sandukuni, mahali gololi ilipo kweli, badala ya pale Sally anapoamini ipo. Kutoka hapo likaenea neno kwamba wenye usonji hawawezi kujua yaliyo moyoni mwa mwenzao, na wengine wakaongeza kwamba hawana huruma. Mtu aliyejaza daftari zima akikisia Mama anafikiri nini anaambiwa hawezi kufikiri wenzake wanafikiri nini! Ningependa kuona hoja hiyo ikisimamishwa mbele ya kurasa zako.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliligeuza swali. Alisema watu wawili wenye maumbile tofauti ya kuuona ulimwengu wakishindwa kuelewana, kushindwa huko ni kwa wawili. Wewe humsomi Mama vizuri, na Mama hakusomi wewe vizuri. Ila yeye hakuna aliyemwambia aanze daftari. Miaka minane baadaye Catherine Crompton na wenzake, Edinburgh, walipanga watu wanane wanane wapokezane hadithi, wa kwanza amsimulie wa pili, wa pili wa tatu, mpaka mwisho. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulifikisha hadithi vizuri sawa na mnyororo wa wasio na usonji. Minyororo iliyopoteza zaidi ilikuwa ile iliyochanganya wenye usonji na wasio nao. Kwa kuwa wewe ni mtu wa maabara, nikupe na la pili: utafiti mkubwa zaidi uliotoka mwaka 2025, wa watu zaidi ya 300, haukuona mchanganyiko ukipoteza habari kuliko wengine. Kwa hiyo hilo la kuchanganywa lishike kwa mkono mwepesi. La kwamba wenye usonji wakiwa wenyewe kwa wenyewe mazungumzo hayawashindi, hilo limesimama mara zote mbili.

Mengine mawili nataka uyaandike daftarini, maana haya ni ya kutumia kesho asubuhi.

La kwanza ni muda wa kujibu. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo katika lugha kumi kutoka mabara tofauti. Kwa wastani, kati ya swali na jibu hupita kama sehemu ya tano ya sekunde. Hiyo haitoshi hata kuandaa neno moja, maana yake watu huanza kuandaa jibu kabla mwenzao hajamaliza. Na jibu likichelewa kidogo, anayesubiri huanza kusikia kukataa. Wewe ukiulizwa "utakuja kwenye shughuli?" unanyamaza ili upange jibu la kweli: saa ngapi, kazi gani, ruhusa kazini. Ukifungua mdomo kusema ndiyo, wifi mkubwa ameshasikia hapana. Hiki ndicho kiburi ulichoambiwa tangu utotoni, au sehemu yake kubwa. Dawa yake ndogo: toa sauti papo hapo, jibu lije baadaye. "Abee." "Ee wifi, ngoja nipange." Hujaahidi kitu, na ukimya hujauacha uongee badala yako.

La pili ni sura na sauti. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake, Marekani, waliwaonyesha watu vipande vifupi vya video vya wenye usonji na wasio na usonji wakizungumza. Kwa sekunde chache tu, watazamaji waliwapa wenye usonji alama za chini na kusema wasingependa sana kukaa nao. Watazamaji wengine walipewa maneno yale yale yaliyoandikwa, bila sauti wala picha, na tofauti ikatoweka. Maneno yako hayana ubaya. Basi jambo zito liandike. Kwa mawifi tuma ujumbe wa maandishi badala ya kulisema mlangoni huku umeshika viatu. Kwa Mama, mumeo akusemee kwanza. Halafu, kuna jambo umepewa bure: vitabu vingi vya Ulaya huwasumbua wenye usonji wajifunze kuwatazama watu machoni. Mke kijana anayeinamisha macho mbele ya mama mkwe, Tanga, ana adabu. Ushauri huo uuache huko huko ulikotoka.

Kuna sehemu moja ya barua yako tusiyokubaliana. Umeniandikia kwa fahari kwamba ulikaa ukumbini kutwa bila kutoroka, na umeihesabu kuwa ni maendeleo. Mimi nimesoma nikachoka kwa niaba yako. Katika miaka kumi iliyopita watafiti, hasa Uingereza, wameandika mengi kuhusu wenye usonji wanaojificha: kuiga sura, kuvumilia kelele, kucheka panapochekwa. Wanaofanya hivyo sana huonekana zaidi kuwa na wasiwasi, huzuni na uchovu usioisha kwa usingizi. Pitia daftari lako upya kwa jicho hilo. Kuna kurasa zinazokusaidia kuwaelewa, na kuna kurasa zinazokusaidia kutoonekana. Za namna ya pili ziache, hata kama matokeo yake ni mazuri. Shughuli ina kazi nyingi zilizo mbali na vyungu. Kuna kupokea vyombo vya kuazima na kuvihesabu ili virudi kwa wenyewe, kuna kusimamia maji ya kunywa (nani zaidi yako?), na kuna lile daftari la michango, ambalo naapa kila mwaka linagombanisha watu kwa hesabu mbovu. Omba ulishike wewe. Ukae kibarazani na kalamu, watu waje mmoja mmoja.

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama huko Colorado ambaye naye ana usonji, alisema miaka ya 1990 kwamba kati ya watu wa kawaida anajisikia kama mwanaanthropolojia, yaani mchunguzi wa mila za watu, aliyetua sayari ya Mars. Alikuwa akihifadhi kichwani matukio ya watu na kuyalinganisha, kama unavyofanya wewe kwa karatasi. Hakuna aliyemchukia kwa hilo, na sababu mojawapo ni kwamba alilisema hadharani, kwa mdomo wake, kabla mtu hajalifichua.

Sasa utaratibu.

Anza na mumeo, tena leo. Aliuliza kama ana ukurasa, na swali hilo halikuwa la kutaka habari tu. Mpe asome wote, usikate wala usifute. Ukimaliza kujibu maswali yake mpe kalamu aandike ukurasa wako, kwa mtindo huo huo: nilichokiona, nadharia tete, matokeo. Nina hakika atakuandika vibaya mahali fulani, na utaielewa hoja ya Milton kuliko nilivyokueleza mimi.

Kisha aende kwa mama yake peke yake. Ni mama yake, na yeye ndiye aliyejua jambo na kulificha nyumbani kwao, kwa hiyo sehemu ya deni ni lake. Amweleze usonji kwa yale Mama aliyokwisha kuyaona kwako, asiende na makaratasi: kwamba kelele nyingi zinakuumiza, kwamba mafumbo hayakufikii, kwamba ukinyamaza unafikiri. Kwamba umezaliwa hivyo, na kwamba haumpati mtu ukubwani wala hauishii utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nao, na kati yao wamo watu wazima wanaokwenda kazini na sokoni kama wewe.

Mama atauliza kuhusu wajukuu. Mumeo ajiandae, asibabaike. Jibu la kweli ni kwamba usonji una urithi ndani yake, kwa hiyo uwezekano wa mtoto wenu kuwa nao ni mkubwa kuliko kwa wengine, na hakuna daktari anayeweza kumwambia mapema itakuwaje. Hautokani na chanjo wala malezi, wala hujarogwa. Huenda mtu wa nyumbani akataja jini. Dua ya kukuombea heri ukiitaka ipokee kwa moyo mweupe, lakini kufungiwa chumbani na moshi wa ubani ili utolewe kitu, mumeo aseme hapana, tena ile ya waziwazi.

Wewe uje siku nyingine, baada ya Mama kulala na maneno hayo. Nenda na mumeo, mawifi wasiwepo, na beba daftari lenyewe. Maneno yako yasiwe marefu. Ukiniruhusu, nikuandikie: "Mama, niliandika kwa sababu nilikuwa naogopa kukukosea. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza, nisamehe. Humu kuna niliyokosea. Nakuomba uniambie yapi." Halafu msomee ukurasa wa "haya, sawa." Najua utatetemeka. Lakini huo ndio ukurasa alioumia nao, na ndio utakaomfanya acheke, kama si siku hiyo basi siku ya tatu atakapojisikia mwenyewe akiusema.

Mwombe na ruhusa moja: pale usipoelewa uwe unauliza, "Mama, hiyo ni ndiyo au hapana?" bila yeye kuona umemkosea adabu. Na yeye awe na ruhusa ya kukwambia hapana kavu mkiwa wawili. Mbele za watu aendelee na njia zake. Usimwombe abadilike ukumbini, hapo unamwomba avue alichozoea kujistiri nacho. Akikataa kukupokea siku hiyo, mrudi nyumbani, na mumeo amwendee shangazi yake mkubwa. Mama mkwe mwenye hasira husikia kwa wifi yake kuliko kwa mwanawe.

Daftari liendelee, kwa masharti mawili. Ya mtu yaliyo siri yake, mathalani ugonjwa, deni au ugomvi na mumewe, hayaandikwi hata kama yanaeleza kila kitu. Na kila nadharia tete kuhusu mtu wa nyumbani iwe na mstari wa mwisho usemao umemwuliza lini na amekujibu nini. Mstari ukiwa mtupu, huna matokeo.

Nimebakiza wifi mdogo. Picha zifutwe kwenye kundi. Hilo amwambie kaka yake, kwa simu, si kwa kuandika humo humo kundini wote wakisoma, na amwambie kabla ya kwenda kwa Mama, asije Mama akaonyeshwa tena kurasa zile wakati mwanawe yuko njiani. Kuomba radhi asimlazimishe kwa sasa. Wewe ukikutana naye msalimie habari zake zote, na kanga mwonyeshe zinakaa wapi.